Sura ya Sita: Maji ya Mama-Mukwe

Mtu wa Musienene huyajua maji ya aina mbili, ya mvua na ya ndoo. Inspekta Mathe Syauswa alizaliwa huko, kwenye mashamba ya maharagwe na viazi, na katika miaka yake arobaini na sita hakuwahi kuhitaji aina ya tatu. Ijumaa hiyo asubuhi alisimama ukingoni mwa Semuliki, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, akiitazama boti ya mpira iliyokuwa ikirukaruka majini kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mtu wa kumpitisha kwenye maporomoko matatu ndani ya boti hiyo alikuwa ameketi kwenye majani, mikono imefungwa nyuma. Alikuwa akituhumiwa kuua.

"Mumufungue," Syauswa alimwambia askari.

"Mokonzi, commandant hakusema kumufungua."

"Commandant njo atapiga kasia?"

Askari alifikiri kidogo, akafungua kamba, akaizungusha kiunoni mwake kwa kuwa angeihitaji tena. Lukumani alisugua vifundo vya mikono yake na kuinuka bila kumshukuru mtu.

Alikuwa Mwislamu wa Beni, mwembamba, ndevu zimeanza mvi. Kabla ya vita aliwafanyia kazi wazungu waliokuja kuchezea maji, watu waliosafiri mbali sana kutafuta hofu, na kwao aliujifunza mto jiwe kwa jiwe. Vita ya 1996 ilipofika wazungu walikimbia. Askari waliopita nyuma yao walichukua majaketi ya kuelea wakayafanya mito ya kulalia, na boti ikabaki kwa sababu hakuna aliyejua kuiendesha. Sasa ni 2001, barabara ya Kasindi inakula magari, na wasafiri wanaoogopa kipande chake kibaya hushuka mtoni na kupitishwa na Lukumani kwa maji. Miaka mitatu hakupoteza hata kuku wa abiria, mpaka Jumanne.

Jumanne alibeba wawili. Wa kwanza alikuwa Manassé, dereva wa lori, aliyenusurika shambulio la mwezi uliopita na kulazwa ng'ambo ya mto na risasi pajani. Alikuwa anarudi Beni kwa jambo moja tu: kumtaja mbele ya Syauswa mtu anayewauzia watu wa porini habari za magari, siku na saa ya kuondoka. Jina hakumwambia hata muuguzi wake. Wa pili alikuwa Kasika, konvoyeri wake kwa miaka sita, msaidizi wa kupakia lori, ambaye ndiye baba wa ubatizo wa binti wa Manassé, na alikuwa amekwenda kumrudisha Manassé nyumbani. Kwenye poromoko la tatu Manassé alianguka. Kasika alifika Beni analia, akasema Lukumani aliinamisha boti makusudi.

Commandant hakuhitaji zaidi ya hapo. Barabara ikifungwa, alisema, nani anapata abiria? Si mwenye boti? Syauswa alipoomba muda wa kuchunguza, alipewa mpaka Jumamosi saa sita ya mchana. "Kama hauna mutu mwingine, njo huyo," commandant alisema, akaelekeza kidole ukuta wa nyuma wa kambi. Kila mtu Beni aliujua ukuta ule.

Syauswa hakuwa na mtu mwingine. Mbaya zaidi, tangu jana jioni alikuwa na kitu kilichomfanya aamini kwamba safari hii commandant amepatia. Wavuvi walikuwa wameleta mwili wa Manassé, na kifuani mwake bado ilikuwa imefungwa bidoni ya manjano ya lita ishirini, moja ya zile tupu ambazo Lukumani huwafunga abiria ili waelee badala ya yale majaketi yaliyoibwa. Bidoni ilikuwa imejaa maji pomoni. Syauswa alijifungia ofisini, akageuza kifuniko kwenye mwanga wa dirisha, na katikati yake akaona tundu la msumari. Hakumwandikia mtu wala kumwambia mtu. Asubuhi alikitia kifuniko mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Chef, tumalize tu," Kasika alisema. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, mtu mfupi mwenye mabega ya kubebea magunia, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Mimi kurudi mu maji hii, ni juu yako tu."

"Ni juu ya Manassé," Syauswa alijibu. "Utakaa fasi ulikaa Jumanne. Mimi nitakaa fasi yake."

Aliisema kwa upole, maana alimwonea huruma mtu huyo. Jana saa sita alikuwa nyumbani kwake, kwenye commune ya Ruwenzori, kuandika PV, hati ya ushahidi wake. Hakuna nyumba yenye msiba inayochekesha, lakini mke wa Kasika, Orpa, anayepika kasiksi, pombe ya ndizi, kwa kuuza, alimpokea akiwa na kitambaa mkononi anapangusa dari. Bidoni moja ya kasiksi ilikuwa imepasuka usiku. "Banaifunga na kifuniko ya nguvu, na kampira ka jivu ndani, kama dawa ya hospitali," alilalamika, akakionyesha kile kifuniko na kukirudisha dirishani. "Kasiksi inapumuaka, tata. Ukiifunga pua, inakupiga." Kisha alimmiminia kikombe kutoka bidoni nyingine, na Syauswa alikunywa, akaandika PV, akaondoka.

Lukumani alizipanga bidoni tatu kwenye mchanga. Moja baada ya nyingine aliiweka shavuni, akaiminya kwa mikono miwili na kusikiliza, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha alimfunga Syauswa yake kifuani kwa kamba ya katani, na Syauswa aliangalia kila fundo.

"Bon. Muhesabu munaenda ukweni," Lukumani alisema. "Ya kwanza inaitwa Shemeji. Anachezaka na wewe tu. Ya pili ni Baba-Mukwe, atakuuliza maswali mingi. Ya tatu ni Mama-Mukwe. Ule, hapana kumutazama mu macho. Unapita kando yake na heshima, ku mukono ya kuume, unaenda zako."

"Na mutu akianguka?"

"Ukianguka, ulale mugongo. Miguu mbele, vidole juu ya maji. Hapana kutafuta kusimama. Mawe iko na midomo. Ikikamata muguu, maji inakulalisha na haukuamuke tena."

"Manassé ulimuambia vile?"

"Batu bote ninabaambiaka."

"Na bado alikufa."

Lukumani alinyanyua kasia lake, akaangalia ncha yake. "Ndiyo," alisema. "Bado alikufa."

Askari alishika njia ya miguu kwenda kuwasubiri kwenye gati ya chini, mwendo wa saa moja na nusu. Syauswa alikaa ubavuni mwa boti, akaingiza miguu chini ya mpira wa katikati alivyoelekezwa, na kuupokea mti wa kasia kama mtu anayepokea mtoto wa jirani. Kasika alikaa nyuma yake. Lukumani alikaa mwisho kabisa, na mto ukawachukua.

Kwa muda yalikuwa maji ya kawaida, mapana na ya rangi ya chai ya maziwa. Kisha Syauswa alisikia mngurumo, akadhani ni lori, akakumbuka kwamba malori hayapiti huko.

"Mbele," Lukumani alisema bila kupaza sauti. "Mbele. Mbele."

Shemeji aliwachezea kweli. Boti ilipanda, ikajikunja, ikashuka, na ndoo nzima ya maji baridi ilimwangukia Syauswa usoni. Alipofumbua macho tayari walikuwa upande wa pili, na akagundua kwamba alikuwa anacheka. Alikasirika na nafsi yake. Hakuja kucheka.

Baba-Mukwe hakuruhusu kicheko. Mawe yalisimama mawili mawili, na katikati yake maji yalikuwa meupe tupu, yanachemka. "Nyuma," Lukumani alisema, "nyuma, sasa mbele, chini!" Syauswa aliacha kila kitu na kujitupa kwenye tumbo la boti. Akiwa huko chini, shavu kwenye mpira uliolowa, alimwona Lukumani peke yake amebaki ameketi, analigeuza kasia kidogo tu kushoto na kidogo tu kulia. Mtu huyu angetaka kummwaga abiria, Syauswa aliwaza, asingehitaji kutoboa kitu. Angekosea mara moja tu kwa makusudi. Wazo hilo halikumpendeza, kwa sababu lilikuwa linamtetea mtuhumiwa.

Chini ya Baba-Mukwe mto ulitulia, ukatengeneza bwawa dogo lenye ufuko wa changarawe. Mbele, nyuma ya jiwe kubwa kama nyumba, Mama-Mukwe alikuwa ananguruma bila kuonekana. Lukumani alielekeza boti ufukoni.

"Juu ya nini tunasimama?" Syauswa aliuliza.

"Kila safari tunasimamaka hapa. Mimi napandaka ku lile jiwe, naangalia Mama-Mukwe ameamuka namna gani leo. Maji inabadilikaka."

"Jumanne pia?"

"Jumanne pia."

"Muongo," Kasika alisema. "Hatukusimama. Ku PV nilisema, hatukusimama fasi hata moja."

Ni kweli alisema hivyo. Syauswa aliikumbuka sentensi, ya nne kutoka mwisho, karibu na alama ya kikombe cha kasiksi.

"Tulisimama," Lukumani alisema, bado anamtazama Syauswa. "Manassé alishuka kukojoa. Kamba ilikuwa inamubana, alifungua bidoni, akaenda mu majani na fimbo yake, pole pole juu ya ule muguu."

"Bidoni alimuachia nani?"

"Aliiacha ku boti."

"Na ku boti alibaki nani?"

Lukumani alimgeuzia Kasika macho.

"Anatafuta kunisukumia kifo yake," Kasika alisema. "Chef, unasikia? Mutu amefungwa kamba siku tatu, atasema yote."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Neno moja dhidi ya neno moja, na mwenye mojawapo anaukimbia ukuta. Syauswa alimwangalia Lukumani aliyekuwa sasa amechukua bidoni zote, anaziminya tena shavuni moja moja.

"Uliipima kule juu," alisema. "Juu ya nini unaipima tena?"

"Zamani nilikuwa napima mara moja. Kule juu tu." Lukumani aliiweka bidoni chini. "Jumanne, ya Manassé ilikuwa nzima kule juu, Bwana Inspekta. Nilisikia na sikio yangu. Kama ningeipima hapa, mwanamuke wake hangekuwa anavaa nyeusi. Ile kosa ni yangu. Ile ingine hapana."

Syauswa hakupenda jinsi maneno hayo yalivyomgusa. "Lete yangu," alisema. "Nionyeshe vile unaifungaka."

Lukumani alizungusha kifuniko, akakipindua kwenye kiganja. Ndani, kimekaa barabara kana kwamba kilizaliwa humo, kulikuwa na kiduara cha mpira wa rangi ya jivu.

"Hii inatoka ku boti ingine ya bazungu, yenye ilipasuka. Nilikata na makasi ya Halima, bibi yangu. Mupira ya rangi hii haiko Beni, haiko Butembo. Niko na bidoni tano na mipira tano. Donc maji haiingii."

Syauswa alikiangalia kile kiduara kwa muda mrefu, na mvua ya kumbukumbu ikamnyeshea yote kwa pamoja. Kampira ka jivu ndani, kama dawa ya hospitali. Orpa na kitambaa chake. Kifuniko dirishani, yeye mwenyewe amekiona, umbali wa mkono, amekaa chini yake anakunywa. Kasiksi inapumua, na kwa hiyo kila mpika kasiksi kutoka Mangina hadi Lubero hutoboa kifuniko cha bidoni yake kwa msumari, tundu moja katikati. Kifuniko chenye tundu kilitoka kwa Orpa kikaja mtoni, na kifuniko kizima kilitoka mtoni kikaenda kwa Orpa. Kati ya Orpa na mto alisafiri mtu mmoja.

Na nani alijua saa ya kila lori kuondoka, kama si konvoyeri anayelipakia?

Askari alikuwa mbali. Msitu ulikuwa pande zote mbili, na haukuwa msitu wa kuingia kwa miguu mwaka ule. Njia ya kutoka ilikuwa moja, na ilikuwa inanguruma nyuma ya jiwe. Kwa saa nzima alikuwa amempa mgongo mwuaji mwenye kasia mkononi, huku macho yake yakimlinda mtu mwema.

Lakini mpira dirishani ni mpira tu. Orpa angeweza kuutupa leo, au kusema mumewe aliuokota. Alihitaji zaidi, na alihitaji kabla ya kesho saa sita.

"Kasika, lete yako pia," alisema, kwa sauti ya karani aliyechoka. "Nione yote, tumalize."

Kasika aliichukua kwa Lukumani, akampa. Syauswa aliwageuzia mgongo wote wawili. Alifungua kifuniko, akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatulia kwa muda wa Salamu Maria moja, akafunga kifuniko, akafunga kifungo. Aligeuka akamnyooshea bidoni.

Kasika hakuipokea.

"Umeweka kifuniko gani?" aliuliza.

Hata Lukumani aliacha kufanya alichokuwa anafanya.

"Gani?" Syauswa alisema. "Bidoni moja iko na kifuniko moja. Ingine itatoka wapi?"

"Nimeuliza tu."

"Basi funga ku kifua. Twende."

"Lukumani aipime kwanza."

"Ule muongo? Ule mwenye aliua Manassé?" Syauswa alikuwa ameshajifunga yake; sasa mwenyewe alimfunga Kasika kamba, akakaza fundo. "Hapana. Utaenda nayo vile iko."

Waliingia Mama-Mukwe upande wa kuume, kwa heshima, kama inavyotakiwa. Lukumani aliita mbele, na Syauswa alivuta peke yake, maana kasia la Kasika lilikuwa limelala sakafuni mwa boti. Aligeuza shingo mara moja tu. Kasika alikuwa ameikumbatia bidoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa amekandamiza dole gumba juu ya kifuniko, katikati kabisa, mpaka ukucha umekuwa mweupe. Mtu anayeogopa kifuniko kilichofungwa vibaya hushika pembeni mwa kifuniko. Huyu alishika pale penye tundu, na habari ya tundu walikuwa nayo watu wawili tu duniani.

Ni kule kugeuka kulikomponza. Boti iliyokosa kasia la upande mmoja ilipiga jiwe kwa ubavu, na Syauswa aliona mbingu, kisha hakuona kitu.

Maji yalikuwa baridi na yenye kelele. Miguu yake ya mlimani, iliyosimama miaka arobaini na sita, ilitafuta chini pa kusimama, na ikapagusa. Hapana kutafuta kusimama. Aliivuta juu kwa nguvu zote, akalala mgongo, akaikumbatia bidoni, na bidoni ikamnyanyua uso hadi kwenye hewa. Juu yake aliuona mkono wa kasia, na mwisho wa kasia alimwona Lukumani, ambaye asubuhi hii hakuwa na kamba mikononi, wala shahidi wa kuaminika, wala sababu yoyote ya kumrudisha Beni mtu aliyekuja kumpeleka ukutani.

"Kamata," Lukumani alisema.

Alikamata.

Kwenye gati ya chini askari alikuwa ameshafika, kamba tayari mkononi. "Noki noki, mokonzi, haraka," alisema, "commandant anangojea." Alimwendea Lukumani, na Lukumani alinyoosha mikono mwenyewe, kama mtu aliyezoea.

"Hapana huyo," Syauswa alisema. Alikuwa ameketi kwenye mchanga, anatapika maji ya Semuliki, na meno yanagongana. "Lukumani, wasingya, asante. Nenda kwa Halima."

Askari alisimama na kamba yake, hajui aielekeze wapi. Kasika alikuwa bado ndani ya boti. Dole gumba lake lilikuwa limeganda, ilibidi alibandue kwa mkono mwingine. Polepole alizungusha kifuniko, akakipindua, akaangalia. Kilikuwa kifuniko kizima. Ndani yake kiduara cha mpira wa jivu kilikuwa pale pale Lukumani alipokiweka.

Syauswa alitoa kingine mfukoni, kile chenye tundu, akakiinua kwenye jua mpaka nukta ndogo ya mwanga ikaanguka juu ya mchanga kati yao.

"Hii ni ya Orpa," alisema. "Na yenye uliondosha ku bidoni ya Manassé iko ku dirisha yake sasa hivi. Ilipasua kasiksi yake." Alimfikiria yule mama na kikombe chake, na jinsi atakavyomfungulia mlango leo akidhani amerudi kunywa, na roho ilimuuma kweli. "Mutu mwenye aliua baba wa mutoto wake wa ubatizo, akapita mto muzima na kifuniko yake mu mufuko. Juu ya nini hukuitupa mu maji, Kasika?"

Kasika aliendelea kukiangalia kifuniko kwenye kiganja chake. Aliubandua mpira kidogo kwa ukucha, akaurudisha mahali pake, akaukandamiza ukae vizuri.

"Ilikuwa kifuniko muzuri," alisema. "Mutu hawezi kutupa kifuniko muzuri vile."